Je, Wajua? Mbwembwe na Kiburi cha Wafalme wa Baiskeli

Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300 za jua, vumbi na migunga. Mashindano ya baiskeli ya Milan–San Remo nchini Italia yanakaribia umbali huo, na waendeshaji huumaliza kwa siku moja, kwa muda wa saa saba hivi, wakila na kunywa juu ya baiskeli. Mwaka 2004, Mjerumani Erik Zabel, aliyekuwa ameshinda mashindano hayo mara nne, alifika mita za mwisho akiwa ametangulia. Akainua mikono yote miwili kusherehekea kabla gurudumu lake halijagusa mstari. Mhispania Óscar Freire, aliyekuwa ubavuni pake, hakuwa na habari ya sherehe. Aliisukuma baiskeli yake mbele kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na picha ya kamera ya mstarini ikaonyesha kwamba gurudumu la Freire ndilo lililotangulia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Zabel ulikuwa na upana wa sentimita chache.

Ukiinua mikono unapoteza vitu vitatu kwa mpigo. Miguu huacha kukanyaga, kifua kinanyanyuka na kuupokea upepo, na ule msukumo wa mwisho, ambapo mwendeshaji hunyoosha mikono na kurusha baiskeli mbele ya mwili wake, hauwezekani tena kwa sababu mikono iko hewani. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, baiskeli hukata karibu mita 17 katika sekunde moja. Mwenye haraka ya kushangiliwa huwa anamgawia mpinzani mita hizo bila kujua.

Ungedhani somo hilo lilitosha. Halikutosha. Tarehe 27 Septemba 2020 Mfaransa Julian Alaphilippe aliibuka bingwa wa dunia mjini Imola. Wiki moja baadaye, katika Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji, akiwa na jezi mpya ya bingwa yenye rangi za upinde wa mvua, alitanua mikono mstarini akiamini ameshinda. Primož Roglič wa Slovenia akapenya chini ya mkono wake na kumpokonya ushindi. Waamuzi wakamshusha Alaphilippe hadi nafasi ya tano, kwa kuwa alikuwa amewazibia wenzake njia katika mita za mwisho. Na siku tatu tu baada ya hapo, katika mashindano ya Brabantse Pijl, akarudia yale yale! Mara hiyo alinusurika, akamshinda Mathieu van der Poel kwa kiasi kidogo mno.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Japani tarehe 25 Julai 2021, katika Olimpiki ya Tokyo. Uholanzi ilikuwa imeleta wanawake wanne ambao kila mmoja wao angeweza kutwaa dhahabu: Annemiek van Vleuten, Anna van der Breggen, Marianne Vos na Demi Vollering. Dunia nzima iliwatazama wao. Annemiek alipovuka mstari aliinua mikono, uso umejaa furaha. Hakujua kwamba dakika moja na sekunde 15 kabla yake, mwanamke mwingine alikuwa amekwisha kupita hapo na kuanguka chini kwa uchovu. Alikuwa Anna Kiesenhofer wa Austria, mwanahisabati mwenye shahada ya uzamivu, asiyekuwa na timu ya kulipwa wala kocha. Alikuwa ametoroka na wenzake wachache mara tu bendera ya kuanzia iliposhushwa, kisha akawaacha hao nao na kuendelea peke yake.

Ilikuwaje watu wa kiwango hicho wasahau kwamba kuna mtu mbele? Sababu moja ni kwamba katika Olimpiki waendeshaji hawaruhusiwi kuwa na redio masikioni, kwa hiyo hawakupewa hesabu sahihi kutoka kwenye magari ya timu zao. Ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo nzito zaidi: jina la Kiesenhofer halikumtisha mtu. Kundi zima lilimwacha aende kwa kuwa halikumhesabu. Sioni kiburi cha Annemiek katika ile mikono iliyoinuliwa, maana alikosea kwa nia njema. Kama kilikuwapo kiburi siku hiyo, kilikuwa mwanzoni kabisa mwa mbio, pale mabingwa walipomtazama mtu asiye na jina akiondoka wakaona hakuna haja ya kumfuata.

Je, wajua kwamba mbwembwe kwenye baiskeli ni sehemu ya ujira? Uwanja wa mpira una geti na tiketi. Barabara haina. Mamilioni ya watu husimama kando ya njia kuitazama Tour de France, mashindano ya hatua 21 ndani ya majuma matatu, na hawatozwi hata senti. Timu huishi kwa fedha za wadhamini, ndiyo maana hubeba majina yao: benki, watengenezaji wa mashine za kahawa, kampuni za simu. Mfadhili anachonunua ni picha, na picha inayosambaa kuliko zote ni ile ya mshindi akivuka mstari. Mtazame mwendeshaji mzoefu katika mita 100 za mwisho akiwa peke yake. Kabla ya kuinua mikono, anafunga zipu ya jezi hadi shingoni, hata kama joto linamchoma. Anahakikisha jina la anayemlipa linasomeka kifuani.

Mwitaliano Mario Cipollini alilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1999 alishinda hatua nne mfululizo za Tour de France, kisha akajitokeza mbele ya wapiga picha amevaa joho jeupe la Kirumi kama Julius Caesar. Siku nyingine alivaa vazi la kubana lililochorwa misuli na mishipa, kana kwamba amechunwa ngozi. Alitozwa faini mara kwa mara kwa nguo zisizoruhusiwa na akaendelea kuzivaa, kwa sababu picha zake zilienea magazetini kuliko za waliomtangulia kwenye msimamo. Alikubali kuitwa Simba Mfalme. Na si maneno matupu: alishinda hatua 42 za Giro d'Italia, rekodi ya mashindano hayo, na mwaka 2002 akawa bingwa wa dunia. Hata hivyo hakuwahi kumaliza Tour de France hata mara moja. Milima ilipoanza, Simba Mfalme alirudi nyumbani.

Mrithi wake katika madaha alikuwa Peter Sagan wa Slovakia, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017, na mshindi wa jezi ya kijani, ile ya pointi, katika Tour de France mara saba. Aliweza kupanda mlima akiwa ameinua gurudumu la mbele hewani, mkono mmoja umeachia usukani, huku watazamaji wakipiga mayowe. Watoto walimpenda kwa hilo na mimi pia nampenda kwa hilo. Lakini mwaka 2013, jukwaani baada ya Tour of Flanders ambako alishika nafasi ya pili, alimgusa mwilini bila ridhaa mwanamke aliyekuwa akimpongeza mshindi. Dunia ilimshutumu, na akaomba radhi hadharani. Pale hapakuwa na mbwembwe tena, palikuwa na utovu wa heshima, na hakuna ushindi unaoufunika.

Huyo huyo Sagan, aliposhinda ubingwa wake wa kwanza mjini Richmond, Marekani, Septemba 2015, alirusha kofia yake kwa mashabiki na kugonganisha viganja na wapinzani aliotoka kuwashinda. Kisha, badala ya kujisifu mbele ya maikrofoni, alizungumzia hali ya Ulaya na kusema anatamani dunia ibadilike. Ulikuwa msimu ambao wakimbizi kwa maelfu walikuwa wakivuka bahari na mipaka kuingia bara hilo, na wengi waliyaelewa maneno yake hivyo. Kwa kaunti ya Garissa, ambayo imehifadhi kambi za Dadaab tangu 1991, bingwa anayetumia dakika yake ya kutamba kuwakumbuka walio njiani anastahili kukumbukwa pia.

Kiburi chenyewe ni kitu kingine. Mwaka 2004, Lance Armstrong wa Marekani akiwa amevaa jezi ya manjano ya kiongozi wa Tour de France, Mwitaliano Filippo Simeoni alijiunga na kikundi kilichotoroka mbele. Simeoni hakuwa tishio lolote kwenye msimamo. Kosa lake lilikuwa kwamba alitoa ushahidi kuhusu daktari Michele Ferrari na pufya, daktari aliyefanya kazi na Armstrong. Kiongozi wa mashindano akamkimbiza yeye binafsi, akamlazimisha kurudi kundini, kisha mbele ya kamera akapitisha vidole mdomoni kama anayefunga zipu: nyamaza. Mwaka 2012 Armstrong alivuliwa mataji yake yote saba ya Tour de France. Novemba mwaka huo akasambaza picha yake amejilaza kwenye kochi, jezi saba za manjano zimetundikwa ukutani kumzunguka. Januari 2013 alikiri kwenye televisheni kwamba alitumia dawa katika mataji yote. Ile zipu ya mdomoni naiona mbaya kuliko hata dawa, maana ilikusudiwa kumvunja mtu aliyesema kweli.

Mark Cavendish wa Uingereza alilipia kwa haraka zaidi. Mwaka 2010 alishinda hatua ya Tour de Romandie akavuka mstari akiwaonyesha wakosoaji wake ishara ya matusi kwa vidole. Timu yake mwenyewe ikamwondoa mashindanoni. Alikua, akakomaa, na mwaka 2024 akafikisha ushindi wa hatua 35 za Tour de France, rekodi iliyoipita ile ya Eddy Merckx.

Na Kenya je? Chris Froome, mshindi wa Tour de France wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Mwalimu wake wa kwanza ni David Kinjah, mwendeshaji mwenye rasta ndefu, ambaye nyumba yake kule Kikuyu ndiyo kitovu cha kikundi cha Safari Simbaz, mahali vijana wanapojifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huo huo alitaka kushiriki ubingwa wa dunia wa vijana mjini Salzburg, Austria. Kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, aliingia kwenye barua pepe ya mkuu wa shirikisho la Kenya na kujiandikisha akijifanya ni mkuu huyo. Alisafiri peke yake, na mara tu alipoondoka kwenye jukwaa la kuanzia akamgonga afisa wa mashindano, wote wawili wakaanguka. Ujasiri huo ulikuwa wa kijana asiye na mtu wa kumfungulia mlango. Kufikia Tour de France yake ya kwanza, mwaka 2008, alikuwa amehamia leseni ya Uingereza, na bendera ya Kenya ikabaki nyumbani.

Katika umaarufu wake Froome hakuwa mtu wa maringo, lakini visa viwili vya mwaka 2016 vilimpa nafasi katika historia ya maonyesho. Kwenye mteremko wa Peyresourde kuelekea Luchon aliketi juu ya bomba la fremu, kifua kimelala kwenye usukani, huku akiendelea kukanyaga pedali, akawaacha wapinzani na kushinda hatua. Vijana kote duniani wakaanza kumwiga. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lilipiga marufuku mkao huo kuanzia Aprili 2021 kwa sababu ya hatari yake. Siku chache baada ya Luchon, tarehe 14 Julai, pikipiki ya kamera ilisimama ghafla katikati ya umati kwenye mlima Ventoux, naye akanaswa katika ajali iliyofuata. Baiskeli yake ikavunjika. Bila kungoja gari la timu, mwenye jezi ya manjano akaanza kupanda mlima kwa miguu, viatu vya baiskeli vikigonga lami. Waamuzi walizingatia ajali hiyo na kumwachia jezi yake.

Jina jingine la Kenya linalostahili kutajwa hapa ni Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya 2017. Yeye na wenzake waliitangaza Afrika Mashariki kupitia mbio za barabara za changarawe, zikiwemo zile za Maasai Mara zilizoanza mwaka 2021. Alifariki kwa ajali akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022. Mungu amrehemu.

Geuka sasa kaskazini, kwa majirani wetu wa Pembe ya Afrika, maana huko ndiko swali la nani ana haki ya kutamba lilipopata jibu. Waitaliano walipeleka mashindano ya baiskeli Eritrea wakiitawala, na mwanzoni wenyeji walizuiwa kushiriki. Mwaka 1939 waliruhusiwa kupimana nguvu na Waitaliano katika mashindano ya pamoja. Aliyeshinda alikuwa Ghebremariam Ghebru, Mueritrea. Fikiria uzito wa mikono ya mtu huyo mstarini, katika koloni ambalo utawala wa kifashisti ulikuwa umewatungia wenyeji sheria za ubaguzi. Mtu aliyeambiwa hawezi, akishinda na kuinua mikono, usimwite mwenye majivuno.

Kutoka kwa Ghebru njia iliendelea. Julai 2015 Daniel Teklehaimanot alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima katika Tour de France, akiiendeshea MTN-Qhubeka, timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kualikwa huko. Kisha akaja Biniam Girmay wa Asmara. Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji. Mei mwaka huo huo, mjini Jesi, akamshinda Mathieu van der Poel katika hatua ya kumi ya Giro d'Italia, na Van der Poel, mara alipoona hawezi tena, akamwinulia kidole gumba kabla hata ya kufika mstarini. Hiyo ndiyo adabu ya bingwa anaposhindwa. Bahati mbaya ikamngoja Girmay jukwaani. Alipokuwa akifungua chupa ya mvinyo wa sherehe, kizibo kiliruka na kumpiga jichoni, na keshoye hakuweza kuendelea. Desturi ya kunyunyiza mvinyo, onyesho tupu lililozoeleka kiasi cha kutofikiriwa, ndiyo iliyomtoa nje. Alirudi. Julai 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France, na mjini Nice, ambako mashindano yalimalizikia mwaka ule, akakabidhiwa jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwaa.

Kaskazini Mashariki ya Kenya bado haijapeleka mtu Tour de France. Husemwa kwamba baiskeli ni mchezo wa watu wa nyanda za juu, kama riadha ya Iten, nami sikubaliani. Milima inataka wembamba na mapafu ya hewa nyepesi, lakini wakali wa mstarini, akina Cipollini, Zabel na Cavendish, walipata sifa zao kwenye tambarare. Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na ardhi imenyooka hadi upeo wa macho. Joto ambalo huwafanya waendeshaji wa Ulaya wajaze barafu kwenye soksi na kuzitumbukiza shingoni, hapa ni hali ya kila siku.

Upepo nao ni mtaji. Ubingwa wa dunia wa 2016 ulifanyika Doha, Qatar, katika nchi ya jangwa ambayo mtu wa Wajir au Mandera angeitambua mara moja: barabara iliyonyooka, hakuna mti wa kukinga, upepo unapiga ubavuni. Upepo wa namna hiyo unabadilisha mchezo wote. Waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijificha nyuma na kando ya mwenzake, wakipokezana zamu ya mbele. Upana wa barabara ukijaa, anayebaki nje ya mshazari anapigwa na upepo peke yake na hadumu. Zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 150, Wabelgiji na Waingereza waliongeza kasi kwa pamoja na kundi likakatika vipande. Marcel Kittel na André Greipel wa Ujerumani, wawili kati ya waendeshaji wenye kasi kuliko wote duniani wakati ule, waliachwa jangwani na hawakuwaona tena waliotangulia. Sagan, yule yule wa gurudumu hewani, aliwahi kuingia kipande cha mbele akiwa miongoni mwa wa mwisho kabisa, akakaa kimya ndani ya kipande hicho kwa saa kadhaa bila kuonyesha chochote, na katika mita za mwisho akapita kandokando ya uzio na kuwashinda Mark Cavendish na Tom Boonen.